"Usipulize": ushauri uliomponza mdogo wangu Minnesota

Kila Wakenya tunapokutana huku Minnesota, iwe ni mchango wa msiba, sherehe ya mtoto aliyehitimu au nyama choma ya majira ya joto, hakosekani wa kusema: polisi akikusimamisha usiku akitaka kukupima pombe kwa pumzi, usipulize. Kataa. Usipopuliza hawana namba ya kuonyesha pombe uliyonayo, na wasipokuwa na namba hawana kesi. Anayesema hivyo mara nyingi ni mtu aliyekaa Marekani miaka mingi, anasema kwa uhakika kabisa, na wageni huyachukua maneno yake kama yalivyo. Mdogo wangu aliyachukua, akayatumia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka mahakamani na kumrudisha mpaka kesi ikaisha, na niliyoyaona humo nataka wengine wayajue kabla hayajawafika.

Nitangulize jambo moja lisije likaeleweka vibaya. Simtetei mtu anayekunywa na kushika usukani. Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa, na kati ya niliowaogesha na kuwalisha wapo waliovunjwa uti wa mgongo na dereva mlevi, watu ambao hawakuwa wamegusa hata tone. Siandiki kufundisha mbinu za kuponyoka. Naandika kwa sababu ushauri huu unawapata watu wengi gizani, na unawaumiza hata wale ambao pengine hawakuwa na kosa kubwa.

Mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo, lakini tulilelewa nyumba moja Nakuru. Alikuja huku kwa grini kadi, akaanza kwenye maghala kama wengi wetu, kisha akasomea leseni ya magari makubwa, ile tunayoiita CDL. Alipoipata, maisha yake yalibadilika. Akawa anaendesha trela kwenda Dakota na Chicago, akawa analipa karo za wadogo zetu nyumbani na kumjengea mama yake nyumba. Ukitaka kuelewa uzito wa yaliyofuata, kumbuka hiyo leseni. Ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Usiku wenyewe alikuwa ametoka kwenye harambee ya kusafirisha mwili wa mzee mmoja kwenda Kenya. Haya mambo tunayajua. Watu wanakutana, wanaomba, wanachanga, halafu wanakaa wakila na wengine wakinywa. Alikunywa bia. Anasema hazikuwa nyingi na alikuwa ameshakula. Akielekea nyumbani gari lake liligusa mstari wa barabara mara mbili, na taa za polisi zikawaka nyuma yake.

Video ya kamera ya kifuani mwa polisi niliiona baadaye ofisini kwa wakili, na sehemu moja yake sitaisahau. Polisi anamwambia apige hatua 9 kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole, ageuke, arudi hatua 9 nyingine. Mdogo wangu amesimama mikono ameikunja mbele, macho chini, vile sisi tulivyofundishwa kusimama mbele ya mkubwa. Polisi anasema, "Niangalie." Anamwangalia kidogo, macho yanarudi chini. Anaanza kutembea kabla hajaambiwa aanze, anasimama hatua ya nne, anauliza kama anatakiwa ahesabu kwa sauti. Kila kitu anaomba samahani. Polisi mwenyewe hana ukali wowote, anamweleza taratibu. Lakini kwenye ripoti yake kuanza mapema kumeandikwa kuwa ni dalili, kusimama katikati ni dalili, na macho yake yameandikwa kuwa mekundu yenye maji. Mimi nilimwona ndugu yangu ana hofu na baridi. Mtu asiyemjua angeona mlevi. Na mtu asiyemjua ndiye ambaye angeketi kwenye jopo la raia linaloamua kesi huku.

Baada ya zile hatua na kusimama kwa mguu mmoja, polisi alitoa kipimo kidogo cha mkononi. Hapo ndipo mdogo wangu aliposema hapana mara ya kwanza. Kwa Minnesota, kukataa kile cha barabarani peke yake si jinai. Kazi yake ni kumsaidia polisi aamue kama akukamate. Ila polisi alikuwa tayari na harufu ya pombe, mstari ulioguswa na zile hatua, kwa hiyo hakukihitaji. Alimtia pingu, akampeleka kituoni.

Vipimo ni viwili, na wengi wetu hatulijui hilo. Kuna kipimo kidogo cha kando ya barabara na kuna mashine kubwa ya kituoni. Ile kubwa ndiyo sheria inayoizungumzia inaposema kipimo cha pumzi, na jibu lake ndilo linalokwenda mahakamani. Unapuliza mara mbili, sampuli mbili kamili. Ukipuliza moja ukaacha, ni kukataa. Ukipuliza kidogo kidogo makusudi mashine isipate pumzi ya kutosha, ni kukataa. Hata kukaa unazungusha maneno bila kujibu ndiyo wala hapana, tabia yenyewe inaweza kuhesabiwa kuwa umekataa.

Kabla ya mashine, polisi alimsomea tangazo la kisheria. Nalo nimelisikia kwenye video, linasomwa kwa Kiingereza cha haraka, karatasi mkononi. Maana yake ni kwamba sheria ya Minnesota inakutaka upimwe. Kukataa kupimwa ni kosa la jinai. Kabla hujaamua una haki ya kuongea na wakili, ila huwezi kuitumia haki hiyo kuchelewesha mambo bila sababu, na ukichelewesha utahesabiwa umekataa. Alipoulizwa kama ameelewa alisema ndiyo. Sisi sote tungesema ndiyo. Mhamiaji mbele ya polisi saa nane za usiku hasemi sijaelewa, anaogopa ataonekana mjinga au mkaidi. Nikisikiliza ile sauti yake najua kabisa hakuelewa. Alidhani ni maneno ya kawaida wanayosomewa watu wakikamatwa, yale ya filamu, kwamba una haki ya kunyamaza.

Na hapo ndipo penye mtego. Haki ya kunyamaza ni haki ya kutojibu maswali. Pumzi haihesabiwi kuwa ni maneno. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1983, katika kesi iliyotoka South Dakota, kwamba mtu akikataa kipimo, kukataa kwake kunaweza kuelezwa mahakamani kama ushahidi dhidi yake, na haki yake ya kutojishtaki haijavunjwa. Kwa hiyo hata pale ambapo hakuna namba, mwendesha mashtaka anasimama mbele ya jopo na kuuliza: mtu asiyelewa angeogopa nini?

Mdogo wangu alipewa simu na orodha za mawakili. Haki hii ya kumpigia wakili kabla ya kuamua ni jambo zuri la Minnesota. Mahakama Kuu ya jimbo iliithibitisha mwaka 1991, na majimbo mengi hayana. Pale kituoni kulikuwa na namba za mawakili wanaopokea simu usiku. Angempata hata mmoja, angeambiwa kwa dakika tano yale tuliyokuja kuambiwa baadaye kwa pesa nyingi. Badala yake alimpigia rafiki yake wa Texas, dereva mwenzake, mtu mwema tu aliyetaka kumsaidia. Rafiki akamwambia: usipulize, huku mimi nilikataa, wakaninyang'anya leseni miezi sita, basi.

Na kwa Texas alikuwa anasema alichokipitia. Kule, kukataa mara ya kwanza kunakusimamishia leseni siku 180, na kukataa kwenyewe si kosa la jinai. Ila hata hivyo alikuwa anampa nusu ya habari, kwa sababu polisi wa Texas wana mazoea ya kumwomba jaji hati ya kutoa damu, na ukishakataa kupuliza unaweza kujikuta umefungwa mkono unadungwa sindano. Jirani zetu wa Wisconsin, ng'ambo ya mto tu, wana sheria yao tofauti tena: kosa la kwanza la kuendesha umelewa kule si jinai, ingawa ukikataa kipimo leseni inachukuliwa mwaka mzima. Ukivuka daraja umevuka sheria. Marekani tunaiona nchi moja, lakini barabarani ni nchi hamsini, na ushauri wa Dallas haufai Brooklyn Park ya huku kwetu Minnesota.

Minnesota ni kati ya majimbo machache yaliyoamua kwamba kukataa ni kosa linalosimama lenyewe. Wakili alipotueleza, nilimwomba arudie, kwa sababu sikuamini hesabu yake. Mtu akikamatwa kwa mara ya kwanza, akapuliza, akapatikana na kiwango cha pombe cha 0.08 au zaidi lakini chini ya 0.16, na hakuna mtoto ndani ya gari, kosa lake ni la ngazi ya chini: kifungo kisichozidi siku 90, faini isiyozidi dola 1,000. Mtu huyohuyo, usiku uleule, akikataa kupuliza, kosa linapanda ngazi. Kifungo cha juu kinafika siku 364 na faini inafika dola 3,000. Na leseni, kwa sheria ilivyokuwa wakati wa kesi yetu, kwa aliyepuliza na kushindwa mara ya kwanza ilichukuliwa siku 90, kwa aliyekataa mwaka mzima. Kwa maneno mengine, "hapana" ya mdogo wangu ilikuwa kosa kubwa kuliko lile alilokuwa akilikimbia.

Hizo siku 364 zina historia inayotuhusu. Zamani ukomo ulikuwa mwaka kamili. Mwaka 2023 bunge la jimbo lilipunguza siku moja, kwa sababu katika sheria za uhamiaji za Marekani adhabu ya mwaka mmoja kwa baadhi ya makosa humfungulia mgeni mlango wa kufukuzwa nchini. Siku moja tu, lakini kwa familia nyingi ni tofauti ya kubaki na kuondoka. Nawashukuru waliolipigania.

Nilimuuliza wakili kama sheria hii haiwezi kupingwa. Akasema imeshapingwa, tena na mtu wa hapahapa. Mwaka 2012, huko South St. Paul, polisi waliitwa kwenye kivukio cha mashua kando ya mto Mississippi, ambako watu walikuwa wamekwama na gari wakijaribu kutoa mashua majini. Mmoja wao, William Bernard, alikutwa na funguo mkononi akinuka pombe. Akakiri amekunywa, akakana kuendesha, akakataa kipimo, akashtakiwa kwa kukataa. Kesi yake ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikiwa imeunganishwa na nyingine mbili za North Dakota, ikajulikana kwa jina la Birchfield. Hukumu ilitoka Juni 2016. Mahakama ikasema pumzi na damu ni vitu viwili tofauti. Kupuliza hakuingii mwilini, hakuachi kitu, kwa hiyo polisi aliyemkamata mtu kihalali anaweza kumtaka apulize bila hati ya jaji, na jimbo linaweza kumwadhibu akikataa. Damu inahitaji sindano, na ukiitoa inabaki mikononi mwa serikali na mambo mengine ndani yake, kwa hiyo jimbo haliwezi kumwadhibu mtu kijinai kwa kukataa damu kama hakuna hati. Bernard alishindwa.

Kwa hiyo anayekwambia una haki ya kukataa, muulize kwanza kukataa nini na jimbo gani. Minnesota, ukiletewa hati halali ya jaji ya damu au mkojo na ukakataa, hapo nako umeingia kwenye kosa. Pumzi haihitaji hati.

Kingine nilichokielewa polepole ni jinsi lile kosa la kukataa lilivyo rahisi kulithibitisha. Kumtia mtu hatiani kwamba aliendesha amelewa, serikali inabidi ithibitishe ulevi wenyewe pasipo shaka. Kumtia hatiani kwa kukataa, inatosha ioneshe kwamba polisi alikuwa na sababu ya kutosha kumshuku, alimkamata kihalali, alimsomea tangazo, naye akakataa. Mtu anaweza kushinda shtaka la ulevi na bado akafungwa na la kukataa. Na la kukataa lote liko kwenye video, sauti yake mwenyewe ikisema "I'm not blowing", na polisi akiuliza kwa nini, naye akijibu kwamba rafiki yake amemwambia. Wakili alipofika hapo aliisimamisha video, akavua miwani. Hakuhitaji kusema kitu.

Kinachoniuma hata leo ni ile namba ambayo haikupatikana. Alikuwa amekula, na muda ulikuwa umepita. Huenda angesoma chini ya 0.08. Isingekuwa kinga kamili, maana Minnesota mtu anaweza kushtakiwa kwa kuendesha akiwa ameathiriwa na pombe hata kama namba iko chini, lakini wakili alisema wazi kwamba kesi yenye hatua chache zilizokosewa na namba ndogo ni kesi ambayo waendesha mashtaka wengi huilegeza au kuiacha. Kama angesoma juu, angekuwa na kosa la ngazi ya chini. Kwa vyovyote vile alifunga mlango uliokuwa na nafuu. Sasa hakuna anayejua, naye mwenyewe hajui, na nimemwona akikaa kimya akilifikiria hilo.

Asubuhi niliyopigiwa simu kutoka jela ya kaunti nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, sijabadilisha hata nguo za kazi. Aliniita dada, akanyamaza, nikajua. Nilidhani kazi kubwa ni dhamana na tarehe ya mahakama. Sikujua kwamba saa ya pili ilikuwa imeshaanza kuhesabu.

Nasema saa ya pili kwa sababu kesi ni mbili. Iko ya jinai, mbele ya jaji, na iko ya leseni, inayoendeshwa na idara ya usalama ya jimbo. Ile ya leseni haingoji hukumu. Polisi palepale kituoni alimpa karatasi ya kufutiwa leseni, ikiwa na ruhusa ya muda ya siku chache, baada ya hapo basi. Kuipinga kunahitaji ombi maalumu mahakamani ndani ya muda uliowekwa, na muda huo unaanza siku ulipopewa karatasi. Ukikaa unangoja tarehe ya kesi ya jinai, unaweza kufika umechelewa. Mdogo wangu karatasi ile alikuwa ameikunja mara nne mfukoni mwa jaketi akidhani ni risiti ya vitu vyake vya jela. Niliiona nilipokuwa nafua. Tukakimbia nayo kwa wakili siku hiyohiyo. Nimeshawaeleza watu wengi tangu wakati ule: ndugu yako akitoka jela, muulize karatasi zote kabla hujamuuliza habari.

Tulipinga, tukashindwa. Kukamatwa kulikuwa halali, tangazo lilisomwa. Na hata kesi ya jinai ingefutwa, ile ya leseni haifutiki pamoja nayo.

Halafu ikaja CDL, ambayo hakuna mtu hata mmoja kwenye zile nyama choma aliyewahi kuitaja, na wanaume wetu nusu ni madereva. Kanuni ya magari makubwa ni ya serikali kuu, haiangalii ulikuwa na gari gani. Ukikataa kipimo cha pombe, hata kama ulikuwa na gari lako dogo, siku ya mapumziko, kilomita nyingi kutoka kwenye trela, unaondolewa kwenye CDL mwaka 1. Ukiwa umebeba mzigo wa hatari kwenye lori ni miaka 3. Ukirudia mara ya pili ni maisha, ingawa kuna majimbo yanayoruhusu kuomba tena baada ya miaka 10. Kushindwa kipimo nako kunaleta adhabu hiyohiyo, kwa hiyo sidai kwamba kupuliza kungemwokoa kama angesoma juu. Kungemwokoa kama angesoma chini. Dereva wa kulipwa ambaye hajalewa ndiye anayepoteza zaidi kwa kukataa, na ndiye anayeambiwa akatae.

Kwa leseni ya gari dogo kulikuwa na njia: kufungiwa kifaa kinachozuia gari kuwaka mpaka upulize. Tulikifunga kwenye Corolla yake. Kina mrija, kina kamera ndogo inayokupiga picha, na ukiwa njiani kinalia ghafla kukutaka upulize tena. Kinalipiwa kila mwezi. Asubuhi za baridi kali kinangoja kipate joto kwanza, kwa hiyo ilibidi aamke mapema zaidi ili asichelewe ghalani alikorudi kufanya kazi. Nimewahi kukaa naye ndani ya gari kikilia tukiwa kwenye msongamano, watoto wangu nyuma wakiuliza mjomba anapuliza nini. Kifaa hicho kilimruhusu kwenda kazini na kanisani. Hakikumruhusu kugusa trela.

Sasa uhamiaji. Swali la kwanza la wakili, kabla hata ya kuuliza alikunywa nini, lilikuwa: una karatasi gani? Nilishtuka, nikadhani anatubagua. Kumbe ni wajibu wake. Mwaka 2010, katika kesi ya mzee mmoja wa Honduras aitwaye Padilla, aliyekuwa ameishi Marekani zaidi ya miaka 40 na kulipigania jeshi lake Vietnam, Mahakama Kuu ilisema wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamletea hatari ya kufukuzwa. Wakili asiyekuuliza karatasi zako, mtafute mwingine.

Kwa mwenye grini kadi, kosa moja la kawaida la kuendesha umelewa, lisilo na majeruhi, kwa kawaida halimfukuzi mtu. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ilikataa kulihesabu hata kosa la kuendesha umelewa na kujeruhi watu kuwa ni jinai ya ukatili, ile inayoweza kumfukuzisha mgeni, katika kesi ya mtu wa Haiti aliyekuwa Florida. Lakini kutofukuzwa si sawa na kuwa salama. Kwenye uraia wanapima mwenendo wako, kwa kawaida miaka 5 ya nyuma, na tangu uamuzi wa mwanasheria mkuu wa Marekani wa mwaka 2019, mtu mwenye hatia mbili za kuendesha amelewa ndani ya kipindi hicho anachukuliwa kuwa hana mwenendo mzuri mpaka athibitishe vinginevyo. Walio kwenye viza, wakiwemo wanafunzi, hali yao ni nyepesi zaidi kuvunjika: tangu 2015 wizara ya mambo ya nje ya Marekani imekuwa na utaratibu wa kufuta viza ya mtu aliyekamatwa kwa ulevi barabarani, bila kungoja hukumu. Kwa kawaida hafukuzwi palepale, ila akitoka kwenda kuzika nyumbani, kurudi kunamhitaji aombe viza upya na aeleze.

Hapo ndipo ninapowaomba wazee wetu wa jumuiya, wale wanaoheshimiwa na kusikilizwa, wapime wanachowaambia vijana. Tuliokulia Kenya tunajua kituo cha polisi cha barabarani ni mahali pa mazungumzo. Unamwita afande, unamwomba akuelewe, mkubwa fulani anapigiwa simu, na Alcoblow, kile kipimo cha pombe cha barabarani kule nyumbani, tulisikia watu wakijisifu jinsi walivyokikwepa. Tumekuja na tabia hiyo, tukaivika maneno ya kisheria, tukaiita kujua haki zako. Kujua haki zako Minnesota, kwa mtu aliyeketi mbele ya ile mashine, ni kusema: naomba simu nimpigie wakili, kisha umpigie wakili kweli, siyo rafiki, na ufanye anachokwambia. Kama Kiingereza cha lile tangazo hakikukuingia, sema hakikukuingia, uombe mkalimani, sauti yako ibaki kwenye video ikiomba. Ushauri wa kukuambia pulize au usipulize utoke kwa mtu mwenye leseni ya kufanya kazi hiyo katika jimbo ulilokamatiwa. Mimi nimeeleza tulichopitia; mimi si wakili.

Na tupange usafiri kwenye hizi harambee zetu. Tukichanga maelfu ya dola kumsafirisha marehemu, hatushindwi kuchanga za teksi kuwarudisha walio hai.

Mwishowe kesi ilimalizika kwa makubaliano. Mwendesha mashtaka aliondoa shtaka la kukataa, mdogo wangu akakiri lile la ngazi ya chini. Jaji alimpa muda wa uangalizi badala ya kifungo, faini, tathmini ya matumizi ya pombe, na kikao cha kuwasikiliza watu waliofiwa na ndugu kwa sababu ya madereva walevi. Kile kikao alirudi nacho kizito kuliko mahakama yenyewe, na bia hajagusa tena. Lakini makubaliano hayakugusa leseni. Kule idarani bado ameandikwa kuwa alikataa, na mwaka wake wa CDL ulikwenda wote.

Mwaka ulipoisha akaomba kazi za trela. Kampuni ya kwanza ilimpokea vizuri mpaka waliposoma rekodi yake, wakasema bima yao haimkubali. Ya pili vivyo hivyo. Kwa sasa anaendesha forklift ghalani. Fomu ya uraia tulikuwa tumeshaijaza kabla ya usiku ule, imebaki kwenye droo yangu. Ina swali la kama umewahi kukamatwa, nalo halijali kesi iliishaje. Wakili ametushauri asiombe akiwa chini ya uangalizi, kwa sababu hawezi kupewa uraia kabla haujaisha, na hata ukiisha ni bora miaka 5 ipite. Nimekusanya nakala za hukumu zenye muhuri wa mahakama, nimeziweka pamoja na ile karatasi iliyokunjwa mara nne, na tunangoja.